Jina Kwenye Jalada

Mkwaruzo hakupewa jina hilo kwa ubaya. Alipokuwa darasa la nne aliugua koo kwa wiki sita, na alipopona, sauti haikurudi ilivyokuwa. Ilirudi na kitu ndani yake, kama mchanga kwenye sufuria. Wenzake darasani walicheka, jina likamganda. Mama yake alilia. Mjomba wake ndiye peke yake aliyefurahi. Alimwita karibu na piano, akamwambia aimbe chochote kinachomjia, akasikiliza huku ameinamisha kichwa. Alipomaliza, akamwambia dada yake aache kumpa mtoto maji ya chumvi ya kusukutua, maana koo la namna ile kuna watu wanalitafuta maisha yao yote na hawalipati.

Mjomba alikuwa fundi wa piano. Alizunguka na mkoba wake wa ngozi kwenye shule, makanisa, hoteli mbili na ukumbi wa halmashauri, akikaza nyuzi na kubadilisha vipande vya sufi vilivyoliwa na nondo. Ujanani aliwahi kupiga kwenye bendi ya jazi. Bendi ile ilivunjika kabla haijaingia studio hata mara moja, kila mtu akashika njia yake. Ndoa yake nayo haikudumu. Baba yake Mkwaruzo alipoondoka nyumbani bila kuaga, Mjomba alihamia chumba cha nyuma ili dada yake asibebe mzigo peke yake, na alikuja na piano iliyotupwa na shule moja baada ya kupasuka ubao. Aliitengeneza mwenyewe. Ikala nusu ya sebule, hata mama mtu akawa anawatania wageni kwamba wakae haraka kabla piano haijakaa.

Mama alikuwa mpiga pasi hotelini, anaondoka alfajiri na kurudi amechoka miguu. Kwa hiyo mtoto alilelewa na Mjomba, na Mjomba alimlea kwa alichokuwa nacho. Alimfundisha jazi na bluzi kama mwingine anavyomfundisha mtoto kupika: bila vitabu, kwa kuonja na kurekebisha. Alimwambia asiimbe maneno kama anayesoma tangazo, aimbe kama anayejibu mtu aliyemuudhi lakini bado anampenda. Mkwaruzo alipofika miaka kumi na tisa, walikuwa wanapiga pamoja kila Jumapili mchana katika ile hoteli ya mama, yeye amesimama kwenye kona ya piano, Mjomba amevaa koti lake la kijivu.

Mwaka huohuo mkono wa kushoto wa Mjomba ulianza kutetemeka. Daktari alimpa vidonge na maelezo marefu. Asubuhi mkono ulitulia, mchana ulisumbua. Katika bluzi mkono wa kushoto ndio unaobeba nyumba nzima, na wa Mjomba ukaanza kufika nyuma kidogo ya pale ulipotarajiwa. Mkwaruzo alijifunza kumngoja. Aliliachia neno lichelewe, akalivuta, akaliweka chini mkono ulipofika, na watu wa mezani wakaona ni mtindo. Walisema huyu binti anaimba kama mtu asiye na haraka na dunia.

Miongoni mwa waliosema hivyo alikuwa prodyuza mmoja aliyekuja kula na familia yake. Alisikiliza mpaka chakula kikapoa. Alirudi Jumapili mbili mfululizo, ya tatu akamwita Mkwaruzo mezani na kumwambia anataka kumtolea albamu: nyimbo nane, tano za Mkwaruzo mwenyewe na tatu za Mjomba, jalada zuri, na redio zote atazishughulikia yeye. Mkwaruzo akajibu kwamba Mjomba akipiga piano, yeye ataimba, na asipopiga, basi waendelee kuonana hapo hapo hotelini. Prodyuza alikubali haraka sana. Baadaye Mkwaruzo alikuja kulifikiria sana jibu lile lililokuja bila kusitasita.

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Kuta zilikuwa zimezibwa kwa magodoro ya zamani yaliyofunikwa kitambaa cheusi, na kila mtambo wa kujaza upepo ulipowashwa chini, kazi ilisimama, watu wakanywa chai. Walirekodi asubuhi tu, wiki tatu. Mjomba alifika kabla ya wote, amenyoa, koti limepigwa pasi na dada yake, akakaza mwenyewe nyuzi za piano ya pale kwa sababu aliyekuja kuzikaza mwanzo, alisema, alifanya kazi ya mtu anayewahi basi. Siku ya mwisho alimshika mkono kila mmoja, kuanzia mpiga besi hadi mfagiaji. Jioni ile wakila alimwambia dada yake kwamba sasa hata akifa, mtu anaweza kubonyeza kitu akamsikia. Dada akamwambia aache maneno ya mikosi mezani.

Siku ya tatu baada ya hapo prodyuza alimwita Mkwaruzo peke yake. Alimketisha, akamvalisha hedifoni, akaondoa uimbaji wake na kumwachia piano tupu.

Mkwaruzo aliyekuwa amezoea kuisikia piano ile ikiwa chini ya sauti yake, sasa aliisikia ikiwa uchi. Katika wimbo wa kwanza mkono wa kushoto ulichelewa mara sita. Katika wa tatu noti zilianguka kama mtu aliyedondosha vijiko. Alivua hedifoni kabla haujaisha.

Prodyuza hakuwa na makeke. Aliongea kwa upole, na upole huo ndio uliommaliza. Alisema watu wakisikia vile hawatasema mzee ni mgonjwa, watasema hajui kupiga. Watamcheka mtu aliyewafundisha wengi.

"Unampenda?" aliuliza. "Basi mfiche."

Mkwaruzo alisema aende kwanza akamwambie Mjomba. Prodyuza akamwuliza atamwambia kwa maneno gani, na Mkwaruzo akayatafuta maneno hayo pale pale, hakuyapata. Wakakubaliana kwamba Mjomba ataambiwa albamu ikishatoka, furaha ikiwa imemjaa, atapokea vizuri. Akaletwa kijana aliyesomea muziki chuoni ambaye wanamuziki walimwita Msomi. Alipewa nyimbo zote nane alivyozipiga Mjomba, akaambiwa anakili kila kitu, mbwembwe kwa mbwembwe, ila mkono usichelewe. Alimaliza kwa siku nne. Alitia sahihi karatasi inayosema hatadai jina.

Mkwaruzo aliweka sharti moja tu: jina la Mjomba libaki kwenye jalada. Prodyuza alipandisha mabega. Liwe jina lile au lingine, kwake lilikuwa wino tu.

Miezi miwili ilipita katika kutaka kusema. Asubuhi Mjomba alimkuta jikoni, akamwuliza diski zitatoka lini, maana amemwahidi mwalimu mkuu wa shule ya wasichana na mlinzi wa ukumbi. Mkwaruzo alisema karibuni. Mara moja alifika hadi mlangoni kwake, akamsikia ndani akifanya mazoezi ya vidole juu ya meza, tap, tap, tap. Akarudi chumbani.

Albamu ilitoka. Aliileta nyumbani Jumamosi mchana. Mama alikuwa na siku ya mapumziko, jirani akaja na viti vyake viwili na mwanawe aliyejua kuunganisha spika. Mjomba alilishika jalada kwa ncha za vidole, akavaa miwani, akasoma nyuma: piano, halafu majina yake yote matatu. Alisoma tena kwa sauti. Mama akajifuta macho kwa khanga.

Wimbo wa kwanza ulianza. Mjomba alikuwa na kikombe mkononi. Mkwaruzo, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, aliuona uso wake ukisikiliza kwa furaha, kisha ukisikiliza kwa makini, kisha ukiacha kusikiliza. Haikuchukua hata nusu dakika. Aliweka kikombe mezani taratibu, akaulaza mkono wake wa kushoto juu ya goti na kuufunika kwa wa kulia.

Alikaa hivyo mpaka nyimbo nane zikaisha. Jirani alimpiga begani, akasema kumbe mikono bado ina moto. Mjomba akasema ahsante. Kisha akamgeukia mpwa wake.

"Umeimba vizuri," alisema, akaenda chumbani kwake.

Albamu ikashika. Redio zikaipiga asubuhi na jioni, na mtangazaji mmoja anayeheshimika katika mambo ya jazi akasema kwamba binti anaimba vizuri, lakini kinachomtoa machozi ni piano ya mzee, fundi aliyekaa kimya miaka yote hiyo akingoja zamu yake. Akawaalika wote wawili.

Mkwaruzo alidhani Mjomba atakataa. Hakukataa. Alivaa koti la kijivu, akakaa mbele ya kipaza sauti, akaulizwa alijifunzaje kupiga vile, safi namna ile, katika umri ule. Akasema ni miaka mingi. Akaulizwa anajisikiaje. Akasema anamshukuru mpwa wake kwa kumkumbuka. Mkono wa kushoto alikuwa ameutia mfukoni muda wote.

Walipotoka nje, Mkwaruzo alianza, "Mjomba, kuna jambo."

"Usiseme," alisema Mjomba. "Ukisema nitalazimika kujibu."

Wakatembea hadi nyumbani kama watu waliotoka kuzika.

Kipindi kile Msomi alikisikia akiwa kwa kinyozi. Kutodai jina alikubali. Kusikia sifa zake akivishwa mtu mwingine, na mtu huyo akashukuru hewani, hakukubali. Usiku ule alijirekodi akipiga wimbo wa sita mwanzo hadi mwisho, akaunganisha na picha zake za studioni, akaandika kwamba mzee huyo hakugusa hata kibonye kimoja. Kufikia mchana kila aliyekuwa na simu alikuwa ameona. Gazeti moja likaandika juu ya mzee anayekula jasho la kijana. Watu ambao hawajawahi kusikiliza jazi hata dakika moja wakawa na hasira kali na jazi.

Na hasira hiyo yote ikamwendea fundi wa piano. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alimpigia, akasema kwa heshima zote kwamba mwaka huu watatafuta mtu mwingine. Kanisa likamwomba arudishe ufunguo wa ukumbi. Hoteli ikasimamisha muziki wa Jumapili mpaka upepo utulie, na mama akawa anapiga pasi huku wenzake wakinyamaza kila akiingia. Mtaani wale wale waliompiga begani wakawa wanamwita Playback, kama mwanamuziki anayeigiza tu juu ya kanda. Mjomba aliwasalimia kama kawaida.

Mkwaruzo alikimbilia studio akitaka kusema ukweli siku ileile. Prodyuza akamwonyesha kifungu katika mkataba kinachomkataza kuzungumzia kazi bila idhini, kisha akamwonyesha kwenye kompyuta jinsi watu wanavyozidi kuisikiliza albamu kadiri kelele zinavyozidi. Alisema akiongea sasa atazamisha jahazi na yeye akiwa ndani, na mzee pia. Angoje kidogo. Mkwaruzo alingoja. Alingoja siku tisa, akila chakula kwenye meza moja na Mjomba, akimpitishia chumvi.

Siku ya kumi kampuni ya prodyuza ilitoa taarifa ya mistari mitatu kwamba palikuwa na kosa la uchapaji kwenye jalada. Hakuna aliyeisoma.

Siku hiyohiyo Mkwaruzo alimkuta Mjomba chumbani anafunga mkoba. Sanduku lilikuwa limeshafungwa. Rafiki yake mmoja seremala alikuwa na chumba nyuma ya karakana, na alihitaji mtu wa kupiga msasa.

Mkwaruzo alikaa kwenye godoro lililovuliwa shuka. Alisema yote, tangu hedifoni hadi siku tisa, na Mjomba akamwacha amalize.

"Nilitaka jina lako lionekane, Mjomba," alisema mwishoni.

"Jina langu halikuwa na shida." Mjomba alikuwa akikunja kamba ya mkoba. "Kuniondoa ningekuelewa. Mkono ni wangu, naujua. Ungekuja ukaniambia, mjomba, unachelewa, kaa pembeni, ningekaa. Ningekwenda mwenyewe kumtafuta huyo kijana, nikamwonyesha pa kuweka vidole. Nyimbo zingekuwa zangu bado. Wewe umenivua mbele ya watu halafu ukanivika nguo za mtu mwingine, na mwenye nguo akaja kuzidai."

"Mbona ulipoulizwa redioni hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba mpwa wangu ni mwongo?"

Mama alikuwa mlangoni. Alitazama sanduku, akamtazama binti yake, akaenda jikoni. Alirudi na chakula kwenye kopo, akakiweka juu ya sanduku la kaka yake. Wakatoka wote wawili, ndugu na ndugu, wamelishika sanduku huku na huku.

Mkwaruzo hakukaa kulia tu. Alimtafuta Msomi, akamkuta kwenye chumba cha mazoezi cha chuo. Alimwuliza kama ni kweli kwamba kila alichopiga katika nyimbo zile kilitoka kwa mzee. Msomi hakubisha. Alisema ni kweli, hakuongeza kitu, aliambiwa anakili akanakili, na kwa kweli hajawahi kujifunza kwa mtu kama alivyojifunza kwa zile siku nne. Basi akamwomba aseme hivyo hadharani. Msomi alifunga kifuniko cha piano.

"Wewe ulikuwa na siku tisa," alisema. "Mimi nikutangulie kusema kwa sababu gani?"

Ikabaki njia moja. Kama rekodi za Mjomba zingetolewa zilivyo, na mkono unaochelewa na vijiko vinavyodondoka, watu wangesikia wenyewe wimbo ulizaliwa wapi. Alipanda ngazi za juu ya duka la matairi. Prodyuza hakuwepo. Fundi mitambo alikuwa anakula mkate. Alipomwambia anachotaka, yule mtu alitafuna, akameza, akasema zile zilifutwa tangu mwezi ule walipomaliza kurekodi, mashine ilikuwa imejaa. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba takataka zilishachukuliwa.

Jumamosi Mkwaruzo alikwenda karakana. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigogo, amevaa aproni, anapiga msasa miguu ya viti kwa mkono wa kulia. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa kwenye nyusi. Alimkaribisha kwa adabu, akamvutia kiti ambacho hakijapakwa rangi. Mkwaruzo akamweleza alikotoka na alichokikuta.

"Zote?" aliuliza Mjomba.

"Zote."

Alipuliza vumbi kwenye mguu wa kiti, akaupapasa.

"Ule wa tano nilipiga vizuri."

Ilikuwa kweli. Siku ile ya wimbo wa tano mkono ulikuwa umetulia kabisa, kwa sababu zake wenyewe, na Mjomba alipiga kama alivyokuwa akipiga Mkwaruzo akiwa mdogo, bila kosa hata moja. Mkwaruzo alijua. Alikuwa amerudi kuusikia kwenye hedifoni wiki ileile ya piano tupu. Prodyuza alisema haitakuwa vyema mpiga piano abadilike katikati ya albamu, na yeye hakubisha.

"Uliusikia?" aliuliza Mjomba.

"Niliusikia."

"Ukakubali nao ufutwe."

Mjomba alichukua mguu mwingine wa kiti. Seremala alipita na chai vikombe viwili, akaviweka, akarudi kwenye randa yake. Mkwaruzo alikunywa chake chote, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akaaga. Mjomba akamwambia asalimie nyumbani.

Toleo la pili la jalada lilitoka mwezi uliofuata. Kwenye piano lilikuwa na jina la Msomi. Jina la Mjomba lilibaki kwa herufi ndogo, mtunzi wa nyimbo tatu, na kwa kuwa watu walishaamua yeye ni mwizi, wengine waliandika kwamba hata hizo lazima aliziiba mahali. Shule haikumrudisha. Nyimbo zilizidi kupigwa. Ilipopangwa ziara ya miji tisa, hakupatikana mpiga piano mwingine aliyezijua zile sehemu, wala aliyeweza kungoja neno la Mkwaruzo mpaka lifike. Akaajiriwa Msomi. Walisimama jukwaa moja kila jioni, yeye ubavuni mwa piano, wakafuatana vizuri mno hivi kwamba mwandishi mmoja aliuliza kama ni wapenzi. Nyuma ya pazia hawakuwa na salamu.

Mama hakuja hata onyesho moja. Gauni la jukwaani alilipiga pasi kila lilipoletwa, akalitundika mlangoni. Siku zake za mapumziko alikwenda karakana na kopo la chakula, akakaa huko mpaka jioni. Aliporudi, Mkwaruzo alimwuliza Mjomba anaendeleaje. Mama alijibu kwamba ni mzima. Siku moja aliongeza kwamba sasa na mkono wa kulia umeanza, kisha akaenda kulala.

Ziara ilipokwisha prodyuza alileta mkataba wa albamu ya pili. Mkwaruzo aliusoma wote, kila kifungu, jambo ambalo hakulifanya na wa kwanza. Kisha akasema atatia sahihi kwa sharti moja, kwamba safari hii kusiwe na piano, si ya mzee wala ya kijana. Prodyuza alifikiri, akatabasamu. Alisema ni wazo zuri, watu watapenda kitu kipya, akampa kalamu.